Kaburi Lenye Kivuli



Tulimzika kaka yangu Katonga, jirani na ziwa. Mwaka uliofuata ukoo ulikaa kikao cha kujengea kaburi. Tukachanga, tukakopa, tukanunua saruji na vigae. Palikuwa na mti uliowapa waombolezaji kivuli. Fundi akasema mizizi yake itapasua zege, nami nikamlipa mkataji. Januari ilipofika, watoto wa marehemu walikosa sare za shule.

Juzi nilikwenda kaburini na mjane wake. Jua la mchana, vigae vya moto. Akaniambia kwa upole, “Shemeji, ule mti ungekuwepo, tungekaa kidogo tukasali.” Sikuwa na jibu.

Nilirudi kwenye Biblia. Ibrahimu alipofiwa na Sara, alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, na Mwanzo 23 inataja wazi kwamba miti iliyokuwemo ilihesabiwa katika ununuzi. Yohana 19 inaeleza kuwa kaburi la Bwana wetu lilikuwa bustanini. Asubuhi ya ufufuo Mariamu Magdalene alimdhania kuwa mtunza bustani. Je, kwenye makaburi yetu angemdhania nani? Fundi wa vigae?

Jiji la Stockholm, Sweden, lilipohitaji makaburi mapya, mwaka 1915 liliwashindanisha wasanifu majengo. Walishinda Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz. Eneo lilikuwa na machimbo ya zamani ya kokoto yaliyoota misonobari. Hawakuifyeka, waliyapanga makaburi katikati ya miti, na kanisa dogo la kwanza, lililofunguliwa 1920, likajengwa humo humo msituni. Mawe ya makaburi ni ya kadiri, ili tajiri asimfunike maskini. Kuna kilima cha kutafakari ambacho ngazi zake hupungua kimo kadiri unavyopanda, mfiwa asifike juu akihema. Tangu 1994 mahali hapo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Pwani ya Kenya, Wamijikenda walizika wazee wao katika misitu ya kaya, na baadhi ya misitu hiyo iliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2008. Mashamba yameizunguka, lakini imesimama kwa sababu watu waliiheshimu. Sisi wa Kigoma, ambao milima yetu juu ya ziwa imevuliwa miti kwa mkaa na mashamba, tungeweza walau kuacha msitu mdogo pale tunapolaza wapendwa wetu.

Utaniuliza: kaburi lisilojengewa si litapotea? Weka jiwe moja la chini lenye jina. Panda mti kando, hatua kadhaa kutoka kaburini. Kamati ya kanisa ipange mistari na njia kabla ya kuzika, siyo baada ya eneo kujaa. Fedha inayobaki iwalipie yatima ada na sare. Hiyo nayo ni heshima kwa marehemu.

Mvua zilipoanza nilipanda mwembe karibu na kile kisiki. Shemeji ameahidi kuumwagilia kiangazi kikija. Mimi huenda nisikae kivulini pake, ila watoto wa kaka watakaa.

Jumapili njema.