Talaka Isiyo na Daftari Haijaisha



Wahenga walituachia kauli fupi: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaikariri tukizungumzia duka, shamba na chama cha kuweka akiba, lakini tunaisahau pale nyumba inapovunjika. Katika jiji hili la Kigali wapo watu waliotalikiana mbele ya hakimu, wakapewa pole na ndugu, wakahama kila mmoja na njia yake, na hadi leo daftari la serikali linawahesabu kuwa mume na mke. Nasema bila kuuma maneno: talaka ya namna hiyo haijaisha. Na lawama haziwaangukii watalaka peke yao. Zinatuangukia sisi tunaoifanya karatasi ya talaka kuwa aibu ya kufichwa, na zinaiangukia kila ofisi inayogeuza haki ya mwananchi kuwa hisani.

Tuanze na sheria. Katiba yetu inatambua ndoa ya namna moja tu: ya kiraia, kati ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ndoa hiyo hufungwa mbele ya msajili wa hali ya kiraia, ambaye kwa wengi wetu ni Katibu Mtendaji wa Umurenge, na huandikwa daftarini. Jambo lililofungwa kwa maandishi halifunguliwi kwa mdomo. Ndiyo maana talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri huanzia katika Mahakama ya Mwanzo, ile tunayoiita Urukiko rw'Ibanze. Hukumu ikishatoka na muda wa rufaa kupita, inapaswa kufika pale ndoa ilipoandikwa, ili daftari lililosema "wameoana" liseme pia "wameachana."

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtaani neno ni moja tu, gatanya, na mtu akiulizwa kama anayo hujibu, "Ninayo." Anayo ipi? Neno hilo moja linafunika vitu vitatu, na mwalimu wa lugha ana wajibu wa kuvitenganisha.

Cha kwanza ni hukumu. Hii ni mali ya mahakama iliyosikiliza shauri. Anayeitafuta aanze na jina la mahakama, mwaka, majina kamili ya wahusika na, akiweza, namba ya shauri. Mashauri ya madai hubeba herufi RC mwanzoni mwa namba zao. Amwendee karani wa mahakama hiyo, aombe nakala iliyothibitishwa, yenye kashe mpuruza, yaani muhuri unaoipa hukumu nguvu ya kutekelezwa. Nakala iliyokosa muhuri huo ni habari tu. Ofisi nyingine haina wajibu wa kuifanyia kazi.

Cha pili ni maandishi katika daftari la hali ya kiraia. Hukumu ikikaa sandukuni nyumbani, daftari halijui kitu. Mtu aliyefunga ndoa Kimironko, akahamia Nyamirambo na kutalikiwa na mahakama ya Nyarugenge, asidhani kwamba kila ofisi imekwisha kusikia habari zake. Aulize kwa maneno yaliyo wazi: "Je, talaka yangu imeandikwa pembeni mwa ndoa yangu?" Akijibiwa kuwa bado, aulize kinachohitajika, na aandike jina la ofisi na tarehe ya jibu alilopewa.

Cha tatu ni cheti. Cheti hakiumbi talaka. Kinasema tu kile ambacho daftari linajua. Vyeti vya hali ya kiraia huombwa siku hizi kupitia Irembo, jukwaa lililoanza mwaka 2015, kwa tovuti au kwa msaada wa wakala wa mtaani. Anayerukia hatua hii ya tatu kabla ya ile ya pili hushangaa mashine inapomtambua bado kuwa mke wa fulani. Mashine haina kosa. Imesoma daftari.

Utaniuliza: kwani kuna hasara gani? Waliachana, watoto wamekua, kila mtu ana maisha yake. Ndugu yangu, hasara ipo, na kwa kawaida hubisha hodi siku mbaya. Angalia ardhi. Kati ya mwaka 2009 na 2013 nchi yetu iliandikisha vipande vya ardhi kote, na wenzi waliofunga ndoa kisheria wakaandikwa pamoja kwenye hati. Lilikuwa jambo jema. Sheria ya mwaka 1999 ya mali za wenzi na urithi ilikuwa imekwisha kumpa mwanamke haki aliyokuwa akinyimwa na mila, na hati ikaipa haki hiyo mahali pa kusimama. Lakini kamba ileile iliyomlinda akiwa mke yaweza kumfunga akiwa mtalaka. Anataka kuuza sehemu aliyopewa na hakimu, au kuiweka rehani ili asomeshe watoto: anaambiwa amlete mume aje kutia sahihi. Mume yupi? Yule aliyetengana naye miaka mingi, ambaye huenda yuko nje ya nchi, au yuko mtaa wa pili akisubiri kuombwa ili naye aombe chake.

Angalia pia ndoa mpya. Kuoa juu ya ndoa ambayo haijavunjwa ni kosa la jinai katika nchi hii, na kabla ya kufunga ndoa Umurenge hutaka uthibitisho kwamba mtu yuko huru. Ofisi za Ulaya na Marekani hudai hivyo hivyo kwa Mnyarwanda anayetaka kuolea huko. Na angalia kifo, ambacho hakisubiri nyaraka. Mtu akifa huku daftari likimwita mume wa mtu waliyekwisha kuachana naye, warithi watakutana mahakamani kuanza upya shauri ambalo wazazi wao walidhani limekwisha. Aliyedharau karatasi moja amewaachia watoto wake kesi.

Sasa niwajibu wapinzani, maana ninawafahamu.

Wa kwanza husema kwamba kufundisha watu namna ya kutafuta rekodi za talaka ni kuwachochea waachane. Hushika takwimu na kuzipeperusha. Ripoti za Taasisi ya Taifa ya Takwimu zilitaja talaka 1,311 kwa mwaka 2018, kisha 8,941 kwa mwaka 2019, kisha 3,213 kwa mwaka 2020. Kutoka hapo zikapanda kelele mimbarini na redioni kwamba familia ya Kinyarwanda imekufa. Lakini hebu tusome kama watu waliokwenda shule. Je, nyumba zetu ziliharibika mara saba ndani ya miezi kumi na miwili, kisha zikapona mwaka uliofuata? Mwaka 2020 ulikuwa wa korona, na mahakama nazo ziliguswa na kufungwa kwa shughuli. Hilo linaeleza sehemu ya kushuka. Kupanda kwa ghafla namna ile, kwa maoni yangu, kunatuambia mengi zaidi kuhusu namna tunavyohesabu na kuandika kuliko kuhusu mapenzi ya watu. Anayetaka kuilinda familia angepaswa kuwa wa kwanza kudai rekodi safi. Huwezi kutibu ugonjwa ambao hujui umewashika wangapi. Zaidi ya hayo, sijapata kuona mtu aliyevunja nyumba yake kwa sababu alijua njia ya kwenda kwa karani.

Mpinzani wa pili anasimama upande mwingine kabisa. Anasema: kama ni rekodi ya umma, basi iwe wazi kwa kila mtu, nami nataka kujua kwa nini jirani yangu aliachwa. Huyu naye apewe jibu lake. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu upatikanaji wa habari imempa mwananchi haki ya kuuliza, na sheria hiyohiyo imeweka mpaka pale faragha ya mtu inapoguswa. Mwaka 2021 ikaja sheria ya kulinda data binafsi, ikaongeza ukuta. Ndani ya hukumu ya talaka mna mambo ya chumbani, ya kipigo, ya ugonjwa, ya watoto. Hayo si gazeti la asubuhi. Mchumba anayetaka kujua kama mwenzake yuko huru ana njia ya heshima: amwombe mwenyewe alete cheti chake. Cheti kitamwambia kwamba ndoa ilivunjwa. Aibu zilizoivunja hazimhusu. Mrithi au mtu mwingine mwenye maslahi ya kisheria aeleze maslahi yake mbele ya mahakama. Kanuni ninayoitetea ni nyepesi kukumbuka: mlango uwe mpana kwa mwenye rekodi, na mwembamba kwa mdaku.

Tatizo letu ni kwamba mara nyingi tumeugeuza. Mdaku hupata habari zote kwa chai na soda, na mwenye rekodi huambiwa arudi kesho. Hapo ndipo huzaliwa komisiyoneri, yule kijana wa nje ya ofisi anayejua "mtu wa ndani." Usimpe fedha yako. Unayemlipa kwa kukuletea karatasi yako leo, kesho atalipwa na mwingine kwa kumpelekea siri yako.

Nina neno pia kwa wasomaji wangu wa Biryogo na Nyamirambo, ambako Kiswahili kimeishi majumbani tangu enzi za ukoloni. Wapo kati yetu waliooana kwa nikahi peke yake na kuachana kwa talaka ya mume, kisha wakaenda mahakamani kuomba rekodi. Hawataipata, kwa kuwa mbele ya dola hapakuwa na ndoa ya kuvunjwa; daftari linawaita wasiooa na wasioolewa. Tusilaumu dini kwa hilo. Kwenye pwani ya Kenya, sheria ya mwaka 1906 ilitaka ndoa na talaka za Waislamu ziandikishwe, na Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, talaka husajiliwa pia. Hapa kwetu njia iliyochaguliwa ni moja kwa wote: Umurenge. Basi mzazi unayemwoza binti yako, nikahi iwepo na baraka ziwepo, lakini usimwache akaingia nyumbani kwa watu bila kuandikwa. Asiyeandikwa akiingia hatakuwa na la kuonyesha akitoka.

Wapo na wale ambao daftari lao halipo tena. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nyaraka nyingi za zilizokuwa komyuni ziliharibiwa au zikapotea, na mwaka 2006 mipaka ya utawala ikapangwa upya hadi kufikia wilaya 30 na imirenge 416 tulizo nazo leo. Mzee aliyefunga ndoa katika komyuni ya zamani asikate tamaa akiambiwa kitabu hakionekani. Sheria inatoa njia ya hukumu inayochukua nafasi ya maandishi yaliyopotea. Jibu la "hakuna" lisimrudishe nyumbani, limpeleke mahakamani.

Kwa hiyo ninadai nini? Kwa upande wa serikali, ninadai mambo mawili. Mahakama zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kuendesha mashauri mwaka 2016, na usajili wa matukio ya maisha ukaingizwa katika mfumo wa kidijitali mwaka 2020. Mifumo miwili ya dola moja haina sababu ya kutojuana. Popote mwananchi anapolazimika kubeba hukumu kutoka jengo moja hadi jingine, amefanywa tarishi asiyelipwa, na huyo tarishi mara nyingi ni mama aliyeacha kibanda chake bila mtu sokoni. Talaka ikishakuwa ya mwisho, ijiandikishe yenyewe. Dai la pili ni la lugha. Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na sheria ya habari inaruhusu ombi katika lugha yoyote iliyo rasmi. Fomu na maelezo ya Kiswahili si zawadi tunayoiomba. Ni ahadi tunayoidai.

Na wewe, msomaji, usidhani umeepuka. Kama uliachana na mwenzako kwa hukumu, wiki hii tafuta nakala yake, itazame kama ina muhuri, kisha uulize daftari linasemaje. Kama mmeachana kwa kuhama tu, elewa kwamba bado mmeoana, na uamue kwa macho yaliyo wazi. Kama una dada, shangazi au mama aliye katika hali hiyo, mpeleke, keti naye kwenye benchi, msomee fomu. Usimwambie anyamaze ili kulinda jina la ukoo. Jina la ukoo halikuwahi kulindwa na mwanamke asiye na karatasi. Lililindwa kwa gharama yake.

Ndoa tunaiandika mbele ya mashahidi, kwa vigelegele na picha. Mwisho wake hauna vigelegele, lakini unastahili wino uleule.