Merikebu Mbele ya Ngome: Nani Aruhusiwe Kuizamia?

Mgeni anayesimama juu ya kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa na kuutazama mlango wa bahari unaoingia bandari ya kale huona maji, mashua na majumba ya ng'ambo. Aghalabu haambiwi kuwa hapo mbele ya macho yake, katika kina kisichozidi mita 20, yamelala mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno iliyozama mwezi wa Oktoba 1697. Vitu vilivyoopolewa humo vimehifadhiwa katika makavazi yaliyomo ndani ya ngome yenyewe. Mwili wa merikebu, hata hivyo, uliachwa baharini, ukafunikwa tena. Swali la makala haya ni jepesi kuuliza na zito kujibu: je, watu wanaopiga mbizi kwa burudani tu, wasio wanaakiolojia, waruhusiwe kuyazuru mabaki ya namna hii? Makala yanashikilia kwamba waruhusiwe, ila kwa masharti ambayo hayazungumzwi mara nyingi, na moja kati yake linawahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mjadala wa Wareno na wa wenye fedha za kununua mitungi ya hewa. Historia inawakanusha. Merikebu hiyo haikujengwa Ulaya bali Bassein, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ikashushwa majini mwaka 1681. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Waomani yaliizingira Mombasa. Maradhi yakawafyeka waliojifungia ngomeni, na kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 ulinzi wa ngome nzima ulikuwa umebakia mikononi mwa Bwana Daud wa Faza pamoja na kikundi kidogo cha Waswahili waliokuwa upande wake. Msaada ulipowasili mwezi wa Septemba, ukiongozwa na Santo António, walioungojea juu ya kuta hawakuwa Wareno watupu. Na nje ya kuta, miongoni mwa waliozingira, walikuwamo Waswahili pia, hasa wa Pate. Ngome ilianguka Desemba 1698. Kwa hiyo anayeiita merikebu hii "mali ya wageni" ameusoma ukurasa mmoja tu wa kisa chenye kurasa nyingi, tena kisa cha ndugu waliotofautiana, ambacho pengine ndicho kinachowafanya wengi wakinyamazie.

Jambo jingine husahauliwa. Mabaki haya hayakugunduliwa na chuo kikuu wala na idara ya serikali. Yaligunduliwa katika miaka ya 1960 na watu waliokuwa wakipiga mbizi kwa kujifurahisha, na habari zake zikamfikia James Kirkman, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa makavazi ya ngome. Baadaye, kati ya mwaka 1977 na 1980, Taasisi ya Akiolojia ya Majini kutoka Marekani, ikishirikiana na Makavazi ya Taifa ya Kenya na kuongozwa na Robin Piercy, ilifanya uchimbaji ambao hadi leo unahesabiwa kuwa miongoni mwa chimbuko za akiolojia ya chini ya maji katika Afrika kusini mwa Sahara. Wataalamu hao walipima, wakachora, wakaopoa maelfu ya vitu, kisha wakaurudishia mwili wa merikebu kifuniko chake. Anayetaka kuwafungia mlango wapiga mbizi wa burudani kwa hoja kwamba hawana mchango wowote katika elimu hana budi kueleza kwanza nani aliyeifungua njia hiyo.

Hata hivyo, hofu ya wahifadhi si ya kupuuzwa. Baharini tope ni sanda na ni dawa. Mbao iliyozikwa ndani ya tope haipati hewa, na mdudu anayetoboa mbao za vyombo, yule yule anayewafanya mabaharia wa pwani waviteke vyombo vyao nchi kavu na kuvipaka shahamu na chokaa, hawezi kuifikia. Mpiga mbizi mmoja asiyejua kujimudu, akipiga mapezi yake ya mpira karibu na sakafu ya bahari, huinua tope ambalo limetulia kwa miongo kadhaa. Akija wa pili na wa kumi, mbao huanza kuonekana, na kinachoonekana katika maji ya uvuguvugu huliwa. Nanga ya mashua iliyowaleta yaweza kuvunja kwa dakika moja kilichostahimili karne tatu. Mwenye kuokota kigae "cha ukumbusho" naye huondoka na kitu kisicho na thamani sokoni, lakini ambacho mahali kilipokuwa ndipo palipokuwa na maana yake yote.

Wanaounga mkono utalii wa namna hii hupenda kuitaja Finland, ambako tangu mwaka 2000 mabaki ya Kronprins Gustav Adolf, merikebu ya Kiswidi iliyoteketea mwaka 1788, yamefanywa bustani ya chini ya maji yenye vibao vya maelezo. Mfano huo ni mzuri lakini una kasoro. Bahari ya Baltiki ni baridi na chumvi yake ni haba, hivyo yule mdudu hakai humo. Kinachowezekana huko hakiwezi kuhamishiwa Mombasa kama kilivyo. Huku kinachofaa kuonyeshwa ni kile kisichooza: mawe ya farumi, mizinga kama ipo, umbo la mahali penyewe, mbao zibaki zimezikwa.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya heshima. Mwaka 1794 merikebu ya São José, iliyobeba watumwa zaidi ya 500 kutoka Msumbiji, ilivunjika karibu na Cape Town, na wapatao 200 wakafa maji. Katika miaka ya 1980 mabaki yake yalipatikana na wasaka hazina, wakadhani ni ya chombo cha Kiholanzi. Ilichukua miaka mingi ya utafiti hata utambulisho wake wa kweli ukatangazwa mwaka 2015, na udongo kutoka Kisiwa cha Msumbiji ukapelekwa kumwagwa mahali pale. Bila ya utafiti huo, wafu wale wangeendelea kufunikwa na jina la chombo kisicho chao. Hakuna anayekwenda makaburini kwa burudani pasipo kuvua viatu, na sharti la mpiga mbizi lisiwe jepesi kuliko la mzuru makaburi.

Lakini hapa panahitajika kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtalii anayetazama si mfanyabiashara anayeuza. Kaure za Geldermalsen, merikebu ya Kiholanzi iliyozama mwaka 1752, ziliuzwa mnadani Amsterdam mwaka 1986 na kutawanyika duniani. Hilo halikufanywa na watu wa likizo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu turathi za kitamaduni zilizo chini ya maji, ulioanza kutumika mwaka 2009, unautambua utofauti huu. Unakataza turathi hizo zisifanywe bidhaa, unataka kwanza zifikiriwe kuhifadhiwa pale pale zilipo, na papo hapo unahimiza umma uruhusiwe kuzitazama bila ya kuzidhuru. Kufunga kabisa hakulingani na roho ya mkataba huo. Tena mahali pasipotembelewa na mtu mwema hutembelewa na mwizi peke yake, naye huja usiku.

Yupo atakayeuliza: kwa nini wapiga mbizi wasiridhike na MV Dania? Meli hiyo, iliyokuwa ikisafirisha mifugo, ilizamishwa kwa makusudi kaskazini mwa Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki na kivutio cha watalii. Swali ni la haki, na kwa anayejifunza, Dania ndiko mahali pa kuanzia. Atakayethibitisha huko kwamba anaweza kuelea bila ya kugusa ndiye apewe ruhusa ya kuizuru Santo António. Ila Dania haina kisa cha Bwana Daud. Kuwapa watu chuma kitupu na kuwanyima historia ni kuwafundisha kwamba bahari ya Mombasa ilianza na mahoteli.

Sasa lije lile sharti linalowahusu wasomaji wa jarida hili. Ripoti za uchimbaji wa Santo António ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwongozaji wa watalii akitaka kuieleza merikebu hiyo kwa Kiswahili hukwama, si kwa sababu lugha haina maneno bali kwa sababu hakuna aliyemkabidhi. Mkuku upo, mataruma yapo, omo na tezi, fashini, foromali, ngama, kalafati, usukani. Maneno haya yamo vinywani mwa mafundi wa majahazi wa Matondoni, na mengi yamo katika kamusi, yakingoja kazi. Wanafunzi wa isimu huandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi za kompyuta, na ni vyema. Lakini istilahi za chombo cha bahari hazihitaji kuundwa, zinahitaji kukusanywa kabla wenye kuzijua hawajatoweka. Hakuna merikebu ya kihistoria ifunguliwayo kwa wageni ambayo maelezo yake yasiwepo kwanza kwa lugha ya pwani iliyoimeza.

Liko pia suala la fedha, na hapa watetezi wa utalii hunyamaza. Upigaji mbizi ni ghali. Ukifunguliwa kiholela, watakaozuru ni wageni wa hoteli, na kijana wa Mji wa Kale atakuwa mbeba mitungi. Ndiyo maana ada ya kila mzuru ingepasa kutengwa kwa kuwafunza vijana wa Mombasa, Kilifi na Lamu kazi ya uongozaji na ulinzi, na pasiwe na ruhusa ya kuzama pasipo mmoja wao majini. Wavuvi wanastahili nafasi ya mbele katika mpango huo. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mabaki ya merikebu ya Wareno ambayo watafiti, akiwemo Mkenya Caesar Bita, wanadhani huenda ni ya São Jorge iliyopotea mwaka 1524, yalijulikana kwa wavuvi kabla ya kufikiwa na wanaakiolojia. Yako karibu na ufuo na katika maji mafupi kuliko ya Mombasa, na hivyo ni mepesi zaidi kufikiwa na kila mwenye miwani ya kuogelea. Masharti ya Santo António yakichelewa, ya Ngomeni hayawezi kungoja.