Injili ya Barnaba

Kijana mmoja wa hapa Ruaha alinijia na kitabu kiitwacho Injili ya Barnaba, apate kuwajibu Wakristo katika mhadhara. Nikamwuliza: Umekisoma chote? Akanyamaza.

Ndugu wasomaji, asili ya kitabu hicho ni hati ya Kitaliano iliyoko Vienna, nayo yakisiwa kuwa ya karne ya 16, si ya zama za Nabii Isa (A.S.). Mwaka 1908 Sheikh Rashid Rida alikichapisha Cairo kwa Kiarabu. Wengi wetu hukipenda kwa kuwa chamtaja Mtume wetu (S.A.W.). Lakini humo Isa akana kuwa yeye ni Masihi, hali Qurani, Aal Imran aya 45, yamwita Masihi!

Kijana akakifunga kitabu, akaomba msahafu.