Zamu ya kupiga isiwe ngazi ya vyeo



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wa besiboli hubishana kila mwaka unapofika mwezi wa Julai, wakati ligi mbili kubwa za Marekani, American na National, zinapokutanisha timu zao za kombaini. Jambo lenyewe ni hili: nani apige wa kwanza, nani amfuate, na nani awekwe mkiani?

Wako wanaosema kwamba mwenye jina kubwa atangulie, anayemfuata kwa sifa awe wa pili, na kuendelea hivyo mpaka wa tisa. Wanaiona zamu ya kupiga kama ngazi ya vyeo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Wapigaji ni tisa, na zamu yao huandikwa kabla ya mchezo kuanza. Wakishatolewa watatu, kipindi cha timu hiyo kupiga kimekwisha, na kipindi kinachofuata huanza na yule aliyekuwa zamuni. Mchezaji wa akiba akiingia huchukua zamu ya yule aliyempumzisha. Pointi hupatikana pale mchezaji anapozunguka vituo vitatu na kurudi salama mahali alipopigia. Kwa hiyo ni mara chache mtu kupata pointi kwa nguvu zake peke yake. Mmoja hufika kituoni, mwingine humsogeza, wa tatu humrudisha.

Tuutazame mchezo wa kwanza kabisa wa kombaini hizo, uliochezwa Chicago tarehe 6 Julai 1933. Kocha wa kombaini ya American, mzee Connie Mack, alikuwa na Babe Ruth, mchezaji aliyejulikana kuliko wote duniani wakati ule. Je, alimweka wa kwanza? La. Wa kwanza alikuwa Ben Chapman, bingwa wa ligi hiyo wa kuiba vituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe. Wa pili alikuwa Charlie Gehringer, mtu mtulivu ambaye hakupapatikia mpira mbaya. Ruth alikuwa wa tatu na Lou Gehrig wa nne.

Matokeo yalionekana. Katika kipindi cha tatu Gehringer alivumilia mpaka akapewa kituo cha kwanza bure kwa sababu mrushaji alikosa shabaha. Ruth akaja, akaupiga mpira ukavuka uzio, na zikaingia pointi mbili badala ya moja. Magazeti yaliandika juu ya Ruth, lakini moja ya pointi zile aliileta Gehringer kwa subira yake.

Tena si hivyo tu. Pointi ya kwanza ya siku hiyo ililetwa na mrushaji Lefty Gomez, aliyewekwa wa tisa kwa sababu kila mtu alijua kwamba kupiga si kazi yake. Timu yake ilishinda 4 kwa 2. Anayedhani kuwekwa mwisho ni kudharauliwa aukumbuke mchezo ule.

Mwaka uliofuata, 1934, mjini New York, Carl Hubbell wa National aliwakuta wawili wamekwisha kufika vituoni, kisha wakaja Ruth, Gehrig na Jimmie Foxx. Akawatoa wote watatu kwa mirusho yake tu, na katika kipindi kilichofuata akawatoa Al Simmons na Joe Cronin. Watano mfululizo, wote majina ya kutisha! Jina halipigi mpira.

Najua wapinzani wangu watanijibu kwamba anayepiga mapema hupata zamu nyingi zaidi, kwa hiyo aliye bora asicheleweshwe. Watamtaja Shohei Ohtani, ambaye mwaka 2024 timu ya Los Angeles Dodgers ilimhamishia nafasi ya kwanza, na msimu huo akavusha mipira uzio mara 54 na kuiba vituo mara 59. Hoja hiyo ina uzito katika ligi yenye michezo 162. Lakini katika mchezo mmoja wa kombaini walioanza hupumzishwa baada ya zamu mbili au tatu ili wengine nao wacheze, kwa hiyo faida ya zamu nyingi haipo. Kitu ambacho kocha ana hakika nacho ni kipindi cha kwanza tu, ambapo anajua ni watatu gani watakaopiga. Watatu hao wapangwe kwa kusaidiana. Na huyo Ohtani mwenyewe alifaa nafasi ya kwanza kwa sababu miguu yake nayo inafanya kazi.

Sasa niguse jambo lililo zito zaidi. Zamu hupangwa kwa wale waliokwisha kuchaguliwa. Uchaguzi ukiwa na upendeleo, hata kocha mwenye busara hatafika mbali. Mwaka 1957 wapenzi wa timu ya Cincinnati walijaza kura kupita kiasi, na wachezaji wao saba wakashinda nafasi za kuanza katika kombaini ya National. Mkuu wa besiboli, Ford Frick, aliwaondoa wawili na kuwaingiza Willie Mays na Hank Aaron. Wananchi wakanyang'anywa kura mpaka mwaka 1970. Hayo ndiyo madhara ya mapenzi ya nyumbani yasiyo na kiasi.

Lakini uovu mkubwa zaidi ulikuwa ule wa rangi. Katika mchezo ule wa 1933 ninaousifia mpangilio wake, hapakuwa na Mwamerika mweusi hata mmoja. Si kwamba hawakujua kucheza. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika uwanja huo huo wa Chicago, wachezaji weusi walifanya kombaini zao wenyewe, Mashariki na Magharibi, baada ya kuchaguliwa kwa kura za wasomaji wa magazeti ya weusi. Magharibi walishinda 11 kwa 7. Ligi kubwa zilingoja mpaka mwaka 1949 ndipo weusi wanne wa kwanza, Jackie Robinson, Roy Campanella, Don Newcombe na Larry Doby, wakacheza katika kombaini zao.

Kama ningepewa kalamu ya kupanga kombaini ya wale waliofungiwa mlango, ningeandika hivi: wa kwanza Cool Papa Bell, kwa mbio zake. Wa pili Willie Wells, mwenye akili ya mchezo. Wa tatu Oscar Charleston, mwenye nguvu na mbio pamoja. Wa nne Josh Gibson, wa kuwarudisha wote nyumbani. Wa tano Buck Leonard, ili mrushaji asithubutu kumkwepa Gibson. Wa sita Martín Dihigo wa Cuba, aliyeweza kucheza karibu kila nafasi. Wa saba Turkey Stearnes, wa nane Judy Johnson, na wa tisa mrushaji Satchel Paige.

Msomaji ataona kwamba kuanzia wa pili hadi wa nane nimebadilisha mkono: anayepiga kwa upande wa kulia anafuatwa na wa kushoto. Mrushaji huwasumbua zaidi wapigaji wa mkono kama wake, kwa hiyo mpinzani asipate kundi la kumalizwa na mrushaji mmoja. Hii ndiyo sababu Stearnes yuko wa saba. Wapo watakaolalamika kwamba nimemshusha. Sikumshusha; nimempa kazi. Waliomshusha ni wale waliomnyima uwanja alipokuwa kijana, hata akafariki mwaka 1979, miaka 21 kabla ya kuingizwa katika jumba la heshima la Cooperstown mwaka 2000. Gibson naye alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla Robinson hajafungua mlango wa ligi kubwa. Mwaka 2024 wakuu wa besiboli walipozijumlisha takwimu za ligi za weusi, ilionekana kwamba wastani wake wa kupiga, .372, unawapita wote. Takwimu zimemfikia, zamu katika kombaini ile hakuipata kamwe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wananchi wachague bila kuangalia rangi wala timu ya nyumbani, kisha kocha aachwe apange, na asiulizwe kwa nini fulani yuko wa saba. Nayasema haya pia kwa sababu mchezo huu umeingia katika shule zetu, na Sekondari ya Azania hapa Dar es Salaam imejengewa uwanja wake kwa msaada wa Japani. Vijana hao nao watachaguana katika kombaini. Wafundishwe mapema kwamba aliyewekwa wa nane anasubiriwa na wenzake sawasawa na wa kwanza, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mpenzi wa Michezo,
Dar es Salaam.