Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kula na Wenyeji wa Venezia



Baadhi ya wenzetu hupata neema ya kwenda kuhiji Italia: Roma kwenye makaburi ya Mitume, Assisi, na Padova kwa Mtakatifu Antoni. Kutoka Padova hadi Venezia ni safari ya nusu saa hivi kwa treni, basi wengi hupitia kwa siku moja kuuona mji ule ambao barabara zake ni mifereji. Hurudi na picha nzuri sana. Lakini waulize walikula nini, utasikia manung'uniko tu: chakula ghali, tena hakina ladha.

Nasi yalitukuta. Siku ya kwanza tuliketi katika mkahawa ulio karibu na uwanja mkubwa wa Mtakatifu Marko, tukaletewa orodha yenye picha za vyakula na lugha nyingi. Tukaagiza samaki kwa bei tuliyoiona nafuu. Bili ilipokuja, kumbe bei ile ilikuwa ya gramu 100, si ya samaki mzima! Juu yake iliongezwa ada ya kukalia meza. Fedha ya siku mbili ikaisha kwa mlo mmoja. Kwa haki, kosa lilikuwa letu pia. Neno "etto", yaani gramu 100, lilikuwa limeandikwa pale, na ada ya meza, iitwayo "coperto", ni desturi ya Italia. Sisi hatukuuliza.

Kesho yake tukafanya kile ambacho mama yeyote angefanya katika mji asioujua. Tuliwafuata wanawake wenye vikapu.

Sokoni Rialto

Wanawake wale walivuka daraja la Rialto wakatufikisha sokoni. Mboga na matunda huuzwa sehemu iitwayo Erberia, na samaki huuzwa jirani yake, Pescheria. Nenda asubuhi, kwa maana ikikaribia saa sita mchana wauzaji huanza kufunga. Jumapili na Jumatatu soko la samaki halifanyi kazi, kwa hiyo mkahawa ukikuahidi samaki wa sokoni siku hizo, uliza ametoka wapi.

Tafuta kibao kilichoandikwa "nostrano", maana yake "ya kwetu". Hicho ndicho wenyeji wanachonunua. Majira ya kuchipua utakuta atichoki changa kutoka Sant'Erasmo, kisiwa ambacho ndicho shamba la mboga la mji ule. Majira hayo, na tena wakati wa vuli, huuzwa kaa wadogo waliotoka kujivua gamba, ambao hukaangwa na kuliwa wazima wazima.

Pale sokoni pana bamba la jiwe lenye orodha ya urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuuzwa: sadini sentimita 7, mkunga sentimita 25. Wazee wa Venezia walijua kwamba ukimla samaki mtoto leo, mtoto wako atakosa samaki kesho.

Jambo moja lilituhuzunisha. Meza nyingi za samaki zilikuwa tupu. Mwaka 1951 mji ule wa visiwa ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Kodi zimepanda, na nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya watalii. Mgeni wa siku moja hanunui kabichi wala samaki mbichi. Mama wa nyumba akihama, muuza samaki naye hufunga, na mahali pake hufunguliwa duka la vinyago. Kwa hiyo kula kama wenyeji, mpendwa msomaji, si kubana matumizi tu. Ni kuwasaidia wabaki kwao.

Asusa za kusimama

Mwenyeji wa Venezia hutembelea vilabu vidogo viitwavyo "bacari". Kwenye kabati la kioo hupangwa asusa, nao huziita "cicchetti": vipande vya mkate vyenye samaki, mayai nusu, mipira ya nyama, mboga zilizokaangwa. Unaonyesha kwa kidole, unalipa kidogo kwa kila kipande, na unakula umesimama huku majirani wakipeana habari. Wenyeji hunywa gilasi ndogo ya mvinyo, lakini asiyekunywa huagiza maji au maji ya matunda, wala hakuna anayemshangaa.

Vingi viko katika vichochoro vinavyozunguka soko la Rialto; Cantina Do Mori ni mojawapo ya vikongwe. Upande wa Dorsoduro kuna Cantinone già Schiavi, ng'ambo ya karakana ya San Trovaso wanakotengenezea gondola. Upande wa Cannaregio tembea kwenye njia ya kando ya mfereji iitwayo Fondamenta della Misericordia. Hata kahawa ni nafuu ukiinywa umesimama kaunta. Ila msiketi kula kwenye sakafu na ngazi za uwanja wa Mtakatifu Marko. Sheria ya mji inakataza, na faini hutozwa.

Vyakula vyenye historia

Mtastaajabu kukuta ugali! Kule huitwa "polenta", na pamoja na samaki mara nyingi huwa mweupe kama wetu. Ukipoa hukatwa vipande na kuchomwa. Juu yake hupakwa "baccalà mantecato", samaki mkavu aliyelowekwa siku kadhaa, akachemshwa, kisha akapigwa na mafuta hadi awe laini kama krimu. Samaki huyo hutoka Norwe. Inasimuliwa kwamba wenyeji wa Venezia walimjua kupitia nahodha wao Pietro Querini, ambaye merikebu yake iliangamia, naye mwaka 1432 akatupwa na bahari katika visiwa vya huko pamoja na mabaharia wachache waliosalia. Familia za wavuvi maskini ziliwapokea majumbani mwao na kuwalisha kwa miezi kadhaa. Chakula kinachosifiwa leo kilianza kwa mama aliyemfungulia mgeni mlango.

Siku za kufunga, kama Ijumaa Kuu na mkesha wa Krismasi, huliwa "bigoli in salsa", tambi nene zenye vitunguu na samaki wadogo wa chumvi. Nayo Jumapili ya tatu ya Julai ni sikukuu ya Kristo Mkombozi. Mji uliweka nadhiri wakati wa tauni ya 1575 hadi 1577, iliyoua zaidi ya watu 40,000, na kanisa la shukrani likawekwa wakfu mwaka 1592. Usiku wa kuamkia sikukuu, familia hula pamoja ndani ya mashua zao, na sadini wa siki hawakosekani.

Jaribuni nyumbani

Sadini hao huitwa "sarde in saor". Mabaharia walichukua chakula cha namna hii kwa kuwa siki hukifanya kisiharibike upesi.

Chukua sadini wabichi nusu kilo, uwasafishe, uwapake unga na chumvi, kisha uwakaange. Kata vitunguu nusu kilo vyembamba, uvipike katika mafuta kwa moto mdogo hadi vilainike bila kuwa vyekundu. Tia siki nusu kikombe, zabibu kavu kiganja kimoja, na mbegu za msonobari kama zipo. Panga tabaka la samaki, tabaka la vitunguu, hadi viishe. Funika, weka mahali pa baridi, na usiguse hadi kesho yake. Hapo ndipo utamu unapoingia. Kula na ugali uliochomwa.

Akina mama, Bwana wetu alipofufuka aliwaandalia rafiki zake samaki na mkate ufukweni, juu ya moto wa makaa. Hakuhitaji meza ya anasa. Nasi tukiwa wageni ugenini, tuulize bei kwanza, tununue kwa wenyeji, tusalimie, tushukuru. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tujiulize, tukiisha kuondoka, mwenyeji wetu amepona au tumemwongezea mzigo?