Simu ya oda imeibiwa akaunti: nani alipe?

Leo naiweka pembeni habari ya chanjo na chakula cha kuku, kuna jambo limenikera.

Kijana mmoja ninayemhudumia anauza vifaranga, na oda zake nyingi zinaingia WhatsApp. Simu anashika binti anayemsaidia. Siku moja binti akapigiwa: "Dada, kuna namba sita zimeingia kwako kimakosa, naomba unisomee." Akasoma. Dakika chache baadaye akaunti haikuwa yao tena. Tapeli akawaandikia wateja: "Ile hela ya vifaranga tuma kwenye namba hii." Wateja wanne wakatuma.

Nilipofika pale, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Bosi anasema kosa ni la binti, na ameshamfukuza. Wateja wanasema kosa ni la bosi. Bosi naye anageukia kampuni ya simu.

Msimamo wangu ni huu: mzigo wa kwanza ni wa mwenye biashara.

Fikiria banda lako. Mlangoni unaweka dawa ya kukanyagia. Kibarua mpya akiingia bila kukanyaga, halafu mdondo ukafyeka kuku, swali la kwanza ni moja tu: dawa ilikuwepo, na alielekezwa? Yule binti hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile namba sita ndizo ufunguo wa akaunti. Sasa unamfukuzaje mtu kwa kuacha wazi mlango ambao hukumwonyesha?

Najua mtasema kampuni za simu na serikali wako wapi. Wana sehemu yao, na laini ya tapeli imesajiliwa kwa jina la mtu, kwa hiyo wabanwe. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka 15040. Lakini hayo yote yanakuja baada ya mwizi kupita. Hela ikishatolewa kwa wakala, kuipata tena ni kazi.

Tena, namba na majina ya wateja umeyakusanya wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haisemi amwachie msaidizi.

Na mimi nina sehemu yangu, sikatai. Miaka yote nimewaambia muuze mtandaoni, mpige picha nzuri, mjibu haraka. Kufunga mlango sikuwafundisha. Basi tuanze leo:

1. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp ya biashara, uweke namba ya siri yako mwenyewe. Hapo hata tapeli akisomewa zile namba sita, bado atakwama.
2. Namba ya kupokea malipo iwe moja. Waambie wateja mapema kwamba haibadilishwi kwa ujumbe. Wakiona mpya, wapige simu kwanza.
3. Chagua mtu mmoja wa kushika simu ya oda, umfundishe kabla ya kumkabidhi. Akiondoka, badilisha namba zote za siri siku hiyo hiyo.
4. Orodha ya wateja na oda iandikwe pia kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Akaunti ikipotea, utawapigia mmoja mmoja kuwaonya.

Yule kijana nimemshauri mambo mawili: awapunguzie bei wale wateja wanne ili hasara wagawane, na amrudishe binti kazini. La kwanza amekubali. La pili bado anasitasita.

Ukiwa bosi, faida unaichukua wewe. Na ulinzi nao uuchukue.