Picha za Ndege za Zamani Zisiozee Masandukuni

MSAFIRI atokaye mjini kwenda Chanika hupita Kipawa, akakiacha kiwanja cha ndege ubavuni mwake, kisha akashika njia ya Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu. Watu wa njia hiyo wameishi chini ya ngurumo za ndege kwa zaidi ya nusu karne. Mtoto wa Chanika huinua macho akaitazama ndege ikishusha magurudumu yake, asijue kwamba huenda babu ya jirani yake ndiye aliyekuwa akijaza mafuta katika ndege za namna hiyo, au akibeba mizigo ya abiria, au akishona mazulia na viti vyake.

Leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Nalo ni picha na kumbukumbu za usafiri wa ndege za abiria katika miaka ya 1940, 1950 na 1960. Kwa maoni yetu si jambo dogo hata kidogo, na muda wa kulishughulikia unazidi kutuponyoka.

Historia yenyewe si fupi. Mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways za Uingereza, zilizokuwa zikitua juu ya maji, zilianza kupitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari yao ya kwenda Durban. Tarehe 1 Januari, 1946 likaundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, Kenya ikiwa na hisa kubwa kuliko wenzake. Shirika hilo lilianza kazi kwa ndege sita ndogo aina ya Dragon Rapide, zenye mabawa ya ghorofa mbili, zilizojengwa kwa mbao na kitambaa. Baadaye zikaja DC-3. Mwaka 1957 shirika likaanza kuruka hadi London. Mwaka 1960 likapata ndege za jeti aina ya Comet, na mwaka 1966 zikaingia Super VC10, mojawapo ikiandikishwa Tanzania kwa herufi 5H-MMT. Kutoka mbao na kitambaa hadi jeti kubwa ilikuwa ni miaka 20 tu. Kisha mwaka 1977 shirika likafa pamoja na Jumuiya iliyolilea, na mwezi Machi mwaka huo huo nchi yetu ikaunda Shirika la Ndege la Tanzania.

Wako watu duniani, hasa Ulaya, ambao kwa mapenzi yao tu wamezikusanya picha za ndege hizo. Hujua kila ndege iliundwa lini, iliuzwa kwa nani na ilikatwa vyuma wapi. Hatuwezi kuwalaumu. Kinyume chake twapaswa kuwashukuru, kwa kuwa wametunza kile ambacho sisi wenyewe hatukukitunza. Lakini mtu akizitazama picha za aina hiyo kwa makini ataona jambo moja. Herufi zilizo mkiani mwa ndege zimeandikwa bila kosa hata moja. Watu waliosimama chini ya bawa, wenye kushika ngazi, kusukuma mkokoteni na kuvuta bomba la mafuta, mara nyingi hawana jina. Ndege ina hati ya kuzaliwa na hati ya kufa. Mtu aliyeihudumia ni kivuli tu.

Majina hayo hayapo London. Yapo hapa, katika vichwa vya wazee wetu na katika makopo ya biskuti yaliyowekwa juu ya makabati. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1960 akiwa na miaka 20 amekwisha kupita miaka 80. Kila mzee wa namna hiyo anapozikwa, picha zake hubaki mikononi mwa warithi wasiojua nani ni nani. Baada ya muda picha hizo huwa takataka, na siku ya kuhama nyumba hutupwa.

Tumetaja kuhama kwa sababu. Upanuzi wa kiwanja, ambao maandalizi yake yalianza miaka ya 1990 na kuendelea katika karne hii, uliwaondoa wakazi wengi wa Kipawa na mitaa ya jirani. Baadhi yao walihamia upande wa Pugu na Chanika. Walioishi karibu na kiwanja ndio wengi wao waliofanya kazi kiwanjani, au walioiona kazi hiyo ikifanyika kila siku. Kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu ya kiwanja kile leo haipo kiwanjani tena. Ilipakiwa katika malori pamoja na vitanda na mabati, ikaja kuishi huku kwetu. Hakuna aliyeihesabu ilipopakiwa, wala hakuna aliyeuliza kama ilifika salama.

Pengine atatokea msomaji akasema: hayo ni mambo ya wakoloni, ndege zile hazikuwa zetu, kwa nini tuzililie? Hoja hiyo ina uzito, na hatuwezi kuipuuza. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 ndege ilikuwa chombo cha wachache, na mwananchi wa kawaida aliifahamu kwa sauti yake angani tu. Lakini hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuzitunza picha zile. Zitaonyesha ni nani aliyepanda na ni nani aliyebaki chini, na hakuna hotuba itakayolieleza jambo hilo waziwazi kuliko picha.

Tena ndege hizo zilitumika katika ukombozi wetu. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Pugu, katika njia hii hii ya Chanika, alisafiri kwa ndege hadi New York, na mwezi Machi akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Gharama ya safari ile ilichangwa na wananchi. Wengi wa waliotoa senti zao hawakuwa wamepanda ndege maishani mwao, wala hawakutumaini kupanda. Basi ni nani atakayesema kwamba historia ya ndege katika nchi hii haiwahusu watu wa chini?

Iko sababu nyingine, ambayo ni ya mkate wa kila siku. Baada ya Jumuiya kuvunjika, mali na madeni yake yaligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei, 1984. Hata hivyo, madai ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya hapa nchini yaliendelea kwa miaka mingi, hata yakafika mahakamani. Katika madai ya namna hiyo, karani hamwulizi mzee kama alifanya kazi kwa uaminifu. Humwuliza karatasi: barua ya kuajiriwa, kitambulisho, hati ya mshahara. Mjane asiye na karatasi hana la kumjibu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo wafaa kwa duka, na wafaa vile vile kwa maisha ya mtu aliyetumikia umma kwa miaka 30.

Sasa nini kifanyike? Kwanza, kazi na ianzie nyumbani. Mwenye picha ya zamani akae na mzee wake leo, wala asingoje Idi au Krismasi, aandike nyuma ya picha kwa penseli laini: ni nani, ni wapi, mwaka gani, alikuwa akifanya kazi gani. Kalamu ya wino isitumike, kwa maana wino hupenya na kuharibu sura. Picha zitengwe na unyevu na mchwa. Asiyejua mwaka aandike tukio: kabla ya Uhuru, baada ya Azimio la Arusha, mwaka aliozaliwa fulani.

Pili, shule zetu za Chanika, Pugu na Ukonga zina walimu wa historia na wanafunzi wenye akili nyepesi. Kazi ya kumhoji mzee mmoja mmoja na kuandika maneno yake yaweza kuwafunza historia kuliko kukariri tarehe ubaoni. Tena siku hizi simu ya mkononi yaweza kunakili picha kwa dakika moja bila kuitoa nyumbani kwa mwenyewe. Twasisitiza jambo hilo: picha halisi zisichukuliwe na yeyote kwa ahadi ya mdomo. Wako wazee waliokwisha kuazima picha zao zisirudi tena, na sasa hufunga milango. Mwenye kuomba picha anakili, arudishe papo hapo, na aandike jina la mwenye mali.

Tatu, nchi yetu ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na ina Makumbusho ya Taifa. Yafaa vyombo hivyo viwafuate wazee waliko, maana mzee wa miaka 85 hawezi kupanda daladala mbili kwenda mjini na kopo lake la picha. Na wenye dhamana ya kiwanja cha ndege hawana budi kukumbuka kwamba jengo la pili la abiria lilifunguliwa mwaka 1984, na la tatu mwaka 2019, juu ya msingi wa kazi ya watu hao. Ukuta mmoja katika majengo hayo, wenye picha zao na majina yao, si gharama ya kuitisha serikali yoyote.

Kwa mapenzi yao tu, wageni wameziandika ndege zetu hadi msumari wa mwisho. Kuwaandika watu ni wajibu wetu sisi, na hakuna mwingine awezaye kuutimiza kwa niaba yetu. Twawaomba wasomaji wetu wa Chanika na kwingineko walishushe kopo lile kutoka juu ya kabati jioni ya leo, wakati ambapo mwenye kuzijua sura zile angali anaweza kuzitaja kwa majina.